Chemosit Kati ya Michai: Jinsi ya Kuunda Wahusika wa Hadithi ya Picha

Daftari la kijana anayechora katuni za mtindo wa Kijapani, awe wa Litein, Sotik au Longisa, kwa kawaida lina sura nyingi na hadithi chache. Utakuta mvulana mwenye nywele zilizosimama wima, jicho moja jekundu na upanga mrefu kumpita yeye mwenyewe. Pembeni pameandikwa orodha ya nguvu zake. Muulize mwenye daftari: huyu anaishi na nani, asubuhi huamkia kazi gani, na nani anamdai pesa? Hapo atanyamaza.

Mwongozo huu unakutaka ujibu maswali hayo matatu kabla hujaugusa upanga. Nauandika kwa ajili yako unayetaka kuunda hadithi ndefu ya picha yenye mazimwi na miujiza, inayotokea katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, na unayependa kazi za Wajapani kiasi cha kutaka kujifunza kwao bila kuwaiga.

Anza na kazi

Itazame Kimetsu no Yaiba ya Koyoharu Gotouge, iliyotoka kila wiki kuanzia 2016 hadi 2020 na kufikia juzuu 23. Shujaa wake, Tanjiro Kamado, ni muuza makaa. Babake amefariki, yeye ndiye kifungua mimba, na siku ya theluji anashuka mlimani na mzigo wake ili wadogo zake wapate kula. Anaporudi anakuta jamaa zake wameuawa. Aliyesalia ni dada yake Nezuko, naye ameanza kugeuka zimwi. Mapanga, mafunzo na mbinu za kupumua vyote vinakuja baadaye. Toa makaa na wale ndugu, utabaki na mvulana mwenye upanga, na wa namna hiyo wamejaa tele. Msomaji wa Kipkelion anamwelewa Tanjiro tangu ukurasa wa kwanza kwa sababu muuza makaa anamjua.

Nchi ya chai ina kazi ambazo hakuna katuni iliyozigusa ipasavyo. Yuko mchumaji mwenye aproni ya plastiki na gambuti, kikapu mgongoni, anayelaza fito juu ya michai ili aone usawa wa kuchuma, vidole vikienda mbio kutafuta majani mawili na chipukizi. Yuko dereva wa lori la majani anayepita vituoni jioni barabara ikiwa tope tupu, akijua kwamba majani yakikaa sana yanaungua ndani ya magunia. Yuko wa tanuri kiwandani, anayelisha kuni usiku kucha. Yuko mwonja chai, ambaye ulimi wake ndio kazi yake. Huyo peke yake ni mhusika wa ajabu hata kabla hujamwongezea muujiza.

Mimi ningeanza na karani wa mizani. Katika kituo cha kununulia majani, yeye ndiye anayesoma kilo na kuziandika. Mkulima amechuma tangu alfajiri, amepanga foleni, na sasa siku yake nzima inategemea sindano moja na kalamu moja. Karani mwaminifu ni shujaa ambaye hakuna anayemwimbia. Karani anayepunguza kilo moja kwa kila gunia ni adui ambaye msomaji wako atamchukia kuliko zimwi lolote, kwa sababu zimwi hajawahi kuliona na mizani anaiona kila wiki. Mpe karani huyo uwezo mmoja tu usio wa kawaida, tuseme anaona uzito wa kitu chochote kwa macho, dhambi zikiwemo, na tayari una sura tatu za kwanza.

Kisha ifikirie mashine. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho katika maandamano ya watu waliokuwa wakilia kwamba zimewanyang'anya vibarua. Mchoraji mvivu ataipa mashine macho mekundu na kuifanya jitu. Usifanye hivyo. Mtafute fundi anayeitengeneza, kijana aliyesomea ufundi kwa pesa za mama aliyekuwa mchumaji. Mama hana kazi tena, kijana anayo, na wote wawili wanakula ugali meza moja. Ukiwa na huyo fundi, jitu halihitajiki.

Nani anamdai nani

Kundi la wahusika linashikamana kwa madeni. Sisemi pesa peke yake, ingawa pesa zimo: karo, mchango wa chama, bonasi ya chai iliyotumika kabla haijafika. Nasema pia deni la damu, la ahadi, la mtu aliyekuokoa usimshukuru. Hiromu Arakawa, mwandishi wa Fullmetal Alchemist iliyochapishwa 2001 hadi 2010, alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido na akafanya kazi hapo kwa miaka saba kabla ya kwenda Tokyo kuchora. Hadithi yake yote imejengwa juu ya kanuni moja: hupati kitu bila kutoa kitu cha thamani sawa. Ndugu wawili, Edward na Alphonse Elric, wanajaribu kumfufua mama yao, na malipo yake ni miili yao. Aliyewahi kuamka saa kumi usiku kukamua, akijua ng'ombe asiyelishwa hatoi maziwa, hawezi kuandika uchawi wa bure. Mfugaji wa Bomet ana elimu hiyo hiyo. Itumie.

Fanya zoezi hili. Andika majina matatu kwenye karatasi na uyaunganishe kwa mishale. Juu ya kila mshale andika deni. Mhusika asiye na mshale unaoingia wala unaotoka, mfute, hata kama umemchora vizuri mno. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa kuwa mchoro mzuri unauma kuufuta.

Ukoo wa Wakipsigis unakupa mishale zaidi ya hiyo. Marika yana majina yanayorudi kwa mzunguko: Maina, Chumo, Sawe, Nyongi na mengine. Jina la rika lililokwisha miaka mingi iliyopita hurudi kwa vijana wapya. Kwa mwandishi wa fantasia hiyo ni zawadi. Kijana wa leo anaweza kulipa deni lililoachwa na mtu wa rika lenye jina lake, aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita. Halafu kuna desturi ya kumpa mtoto mchanga jina la mzimu: wanawake wanataja majina ya wazee waliokufa mmoja mmoja, na lile ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, ndilo lake. Hebu fikiri wametaja jina la mtu ambaye hakuna aliyetaka arudi, na mtoto akapiga chafya.

Majina ya kila siku nayo yanafanya kazi nusu kwa niaba yako, kwa sababu mengi hueleza wakati wa kuzaliwa. Cherop alizaliwa mvua ikinyesha, Chebet mchana, Kiprotich ng'ombe wakirudi nyumbani, Kipngetich wakitoka kwenda malishoni. Msomaji wa hapa akiona jina Cherop ataitarajia mvua. Mpe, au mnyime kwa makusudi.

Chemosit na wenzake

Sasa tuje kwa viumbe. Kabla hujaunda chako kutoka hewani, ujue alichofanya Shigeru Mizuki. Mchoraji huyu, aliyezaliwa 1922 na kufariki 2015, alikulia katika mji mdogo wa bandari wa Sakaiminato. Huko bibi mmoja mzee alimsimulia habari za mizuka ya Kijapani iitwayo yokai. Katika Vita vya Pili vya Dunia, huko Rabaul, alipoteza mkono wa kushoto. Aliporudi alichora kwa mkono uliobaki na kuunda GeGeGe no Kitaro: mvulana wa jicho moja ambaye baba yake amebaki mboni ya jicho yenye mikono na miguu, rafiki yao Nezumi-otoko, mtu panya anayewauza wenzake kila apatapo nafasi, kitambaa kirefu kinachoruka angani na kunyonga watu, mzee anayelia kitoto na kuwa mzito mgongoni mwa anayemwokota. Wengi kati ya hao Mizuki hakuwabuni. Walikuwa vitisho vya vijijini, kila kimoja na mkoa wake, vilivyokuwa vimeandikwa na mtafiti Kunio Yanagita. Mizuki aliwakusanya, akawapa sura na tabia, akawaweka pamoja. Leo Sakaiminato ina barabara iliyopangwa sanamu zaidi ya 170 za shaba za viumbe hao, na watalii huenda huko kuwaona.

Wetu wameandikwa pia. Mwaka 1909 A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu juu ya Wanandi, ndugu wa karibu wa Wakipsigis, chenye imani na hadithi zao. Mtafiti Peristiany aliandika juu ya Wakipsigis wenyewe mwaka 1939, na Taaitta Toweett, mwanasiasa na msomi wa huku huku Kericho, akatoa historia ya mapokeo ya Wakipsigis mwaka 1979. Wasome, lakini usiwaamini kuliko kogo, bibi yako. Hollis aliandika kwa jicho la mtawala, na kogo wako anajua mambo ambayo hakuna ofisa aliyesimuliwa.

Mkuu wa viumbe wetu ni Chemosit. Kwa maelezo ya Hollis, ni nusu mtu nusu ndege, ana mguu mmoja na matako tisa, na hutembea kwa kujiegemeza kwenye fimbo inayofanana na mkuki. Kinywa chake ni chekundu na usiku hung'aa kwa mbali kama taa. Huimba karibu na makazi ya watu, na watoto wakisikia wimbo na kuona mwanga hudhani kuna ngoma, wakaenda. Hawarudi.

Chunguza jinsi zimwi hili lilivyokamilika kiufundi. Umbo lake ukilijaza wino mweusi bado unalitambua: mguu mmoja, fimbo, mwili wa ndege. Wachoraji wa Kijapani huwapima wahusika wao kwa kivuli hicho hicho, na Chemosit anafaulu bila kusaidiwa. Silaha yake ni chambo, si makucha. Kuhusu matako tisa, usiyaondoe kwa aibu. Zimwi linalochekesha mchana ndilo linalotisha usiku, na watoto watakaocheka ukurasa wa nne ndio watakaojificha chini ya blanketi ukurasa wa kumi. Mpeleke katika kambi ya wafanyakazi wa chai umeme ukiwa umekatika. Taa moja nyekundu inasogea kati ya michai.

— Kogo, ile taa ni ya nani?
— Si taa. Funga mlango.

Walowezi wa Kizungu wa mwanzoni mwa karne ya 20 walilikamata jina hilo wakalipachika mnyama waliyedai kumwona, waliyemwita dubu wa Nandi, na magazeti ya Ulaya yakamshabikia kwa miaka. Huyo waachie wenyewe. Dubu wa kutafutwa na wawindaji hana wimbo wala taa.

Juu ya Chemosit yuko Asis, anayehusishwa na jua, ambaye Wakipsigis wa zamani walimwomba wakielekea mashariki. Ushauri wangu: usimchore. Mungu aliyechorwa anapungua. Onyesha mwanga wake ukigusa vilele vya michai asubuhi na zimwi likirudi msituni Mau. Katika Kimetsu no Yaiba pia mazimwi huangamizwa na jua, na Muzan, mkuu wao, amehangaika karne nyingi akitafuta njia ya kulishinda. Ukiliweka jua katika hadithi yako hujamwiga Gotouge. Mababu walikuwa nalo.

Katikati yuko Ilat, mwenye radi, na huyu usimpite haraka. Hollis anaandika kwamba Wanandi walisema ziko radi mbili, moja njema na moja mbaya. Ngurumo inayopasua karibu na nyumba ni ile mbaya ikitaka kushuka kuua watu. Ngurumo ya mbali inayosagasaga ni ile njema ikimzuia mwenzake. Wahusika wawili, sauti mbili, na ugomvi usiokwisha! Ukoo wa Toiyoi, ambao ishara yake ni radi na mvua, ulikuwa na njia ya kuituliza radi: kuchukua shoka, kulisugua kwenye jivu la meko, kulitupa nje na kuiambia radi inyamaze. Kwa Wakalenjin wengine, wakiwemo Wapokot, Ilat huhusishwa na vilindi vya maji na maporomoko. Wewe una maporomoko ya Tenwek kwenye mto Nyangores, na tangu 1987 maji yake yanaendesha mtambo unaoipa hospitali ya Tenwek umeme. Radi mbaya iliyofungwa ndani ya mtambo, ikiwasha taa za chumba cha upasuaji, na fundi mmoja tu anayejua ni nini kinachozunguka mle ndani: nani atakataa kusoma?

Mizimu ya mababu, oiik, haina haja ya sura ya kutisha. Ilikuwa imani kwamba nyoka akiingia na kupanda kitanda cha mama nyumbani asiuawe. Alimwagiwa maziwa, kwa kuwa huenda ni mzee wa ukoo. Koo nyingine zina wanyama wao: simba, korongo, nyuki, fisi, tembo. Waulize wazee wa ukoo wako wewe ni nani, kisha uamue mhusika wako ni nani. Usimpe mtu mnyama kwa sababu anapendeza kuchora.

Kapkatet walitutangulia

Huenda umeshaambiwa kwamba kuchanganya mambo ya Japani na ya Kipsigis ni kupotea. Jibu liko Kapkatet. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, alifika hapo na mitambo yake ya kurekodi. Kati ya nyimbo alizochukua zimo za Chemirocha. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa 1933, ambaye sahani zake za santuri zilifika huku zikachezwa vijijini. Wasikilizaji walisikia sauti ya ajabu isiyoonekana mwenyewe, wakampa mwili: nusu mtu, nusu swala. Katika mmojawapo wasichana wanamwimbia kiumbe huyo kwa chepkong, kinanda cha nyuzi cha Wakipsigis, wakimkaribisha acheze kwa nguvu mpaka nguo zimvuke.

Hilo ndilo somo zima la kuazima. Hawakumwiga Rodgers. Hawakuvaa kofia yake wala kuimba Kiingereza. Walimchukua mgeni, wakamtafutia nafasi katika viumbe wao, wakampa miguu ya mnyama wanayemjua na shughuli wanayoipenda. Mwaka 2014 nakala za rekodi hizo zilirudishwa kwa watu wa eneo hilo, na zinasikika kwenye intaneti. Zitafute usikilize kabla ya kuendelea. Kisha jiulize kuhusu kila unachokiazima kutoka Japani: kimepata miguu ya hapa, au bado kimesimama na viatu vya kwao?

Kanuni ya dunia yako

Kila hadithi ya namna hii inahitaji kanuni moja kubwa ambayo wahusika wote wanaishi chini yake. Watu huhangaika kubuni fuwele na milango ya dunia nyingine ilhali wanaishi mahali penye mvua ya mawe nyingi kuliko karibu pengine popote duniani. Nyanda za chai za Kericho na Nandi hupata mvua ya mawe siku nyingi sana kwa mwaka. Kwa dakika kumi shamba lililokuwa tayari kwa kuchumwa linabaki vijiti. Makampuni ya chai yaliwahi hata kutumia ndege kujaribu kuyavunja mawingu.

Na sikiliza hili. Mwaka 1982 Russell Schnell na mwenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba vumbi la majani makavu yaliyooza chini ya michai ya Kenya lina chembe zinazofanya maji yagande kuwa barafu mapema. Hoja yao ilikuwa kwamba wachumaji wanapopita kati ya mistari, miguu yao hulitimua vumbi hilo, upepo ukalipandisha mpaka mawinguni, na huko likasaidia kuzaa mawe. Maana yake, anayechuma anaweza kuwa anaiita mvua itakayoharibu anachochuma. Sijui mwandishi wa Tokyo ambaye asingelipia kanuni kama hiyo.

Sasa wapange chini yake. Cherop anachuma, na kila hatua yake inapandisha vumbi. Karani anaona uzito wa mawingu. Fundi ana mashine isiyokanyaga chini kama miguu inavyokanyaga, hivyo huenda anayechukiwa ndiye anayeweza kuizuia mvua. Radi njema imechoka. Chemosit anangoja giza la mawe ili awashe kinywa. Ukitaka dawa ya kichawi, ipo: mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa chai, Kericho, ilitoa aina ya TRFK 306, chai yenye majani ya zambarau. Mstari mmoja wa zambarau katikati ya kijani kitupu unajichora wenyewe.

Wahusika wa kuwaacha

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Usiufanye ukoo wa Talai kuwa wachawi wa hadithi yako. Orkoiyot, aliyetoka katika ukoo huo, alikuwa kiongozi wa kiroho aliyeheshimiwa na kuogopwa. Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, aliuawa na ofisa Mwingereza Richard Meinertzhagen Oktoba 1905, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha Watalai wa Kericho kwa sheria maalumu na kuwatupa Gwassi, karibu na ziwa, kwenye joto na mbung'o. Wajukuu zao wako Kericho leo na bado wanadai haki. Ukitaka mhusika mwenye uwezo wa kuona yajayo, mpe hadhi, na usimpe jina la mtu halisi.

Bibi kizee mchawi, mwache kabisa. Kwa jirani zetu wa Kisii, Mei 2008, wazee 11 walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Picha inayofundisha mtoto kumwogopa mzee anayeishi peke yake ina uzito ambao karani wako angeuona. Wala usichore mazimwi yanayotoka upande wa mpaka wa kabila fulani. Kambi za chai zina Wakisii, Wajaluo na Waluhya waliozaliwa humo, na waliofukuzwa humo baada ya uchaguzi wa 2007 wanakumbuka vizuri. Waweke ndani ya kundi la mashujaa wako wakiwa na majina, vyakula na utani wao.

Siri za jandoni zibaki jandoni. Najua hadithi za Kijapani hupenda shule ya mafunzo, na kibanda cha waliotahiriwa kinaonekana kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Tumia chuo cha ufundi, bweni la sekondari, au zamu ya usiku kiwandani.

Adui mkuu naye anahitaji jambo moja tu: sababu ambayo ingekushawishi hata wewe. Gotouge huonyesha mazimwi yake yalivyokuwa binadamu wakati yanapokufa, na msomaji hujikuta akililia zimwi alilolitaka life kurasa tano nyuma.

Sauti na umbo

Wape lugha tofauti. Kogo anaanza na Kipsigis na kumalizia Kiswahili pale anapotaka kila mtu asikie. Dereva wa lori anachanganya Sheng. Karani anasema Kiswahili cha shule. Msimamizi huitwa kwa cheo mbele yake na kwa jina la utani akigeuka. Kijana hamwiti mzee kwa jina tupu, hata wakati wa hatari. Akifanya hivyo mara moja katika hadithi nzima, liwe tukio. Mavazi usiyafikirie sana: aproni, gambuti, kikapu, koti la mvua, sare ya shule. Vinatosha kutofautisha watu watano.

Anza na watatu. Sura ya kwanza ya Kimetsu no Yaiba inabebwa na Tanjiro, Nezuko na muuaji wa mazimwi mmoja anayekutana nao kwenye theluji. Wenzake wa baadaye, Zenitsu na Inosuke anayevaa kichwa cha nguruwe, wanasubiri zamu yao. Shujaaz, hadithi za picha za Kenya zilizoanza kusambazwa bure mwaka 2010, zilianza na vijana wachache tu, akiwemo Boyie mwenye redio ya siri, kila mmoja na kisa chake. Hao waliwatosha kuwafikia vijana wa nchi nzima.

Chora kurasa nane. Zipeleke kwa watoto watano wasiokujua na usiwaeleze chochote. Baada ya siku mbili waulize wanakumbuka nani. Wasiyemkumbuka, ama mpe deni zito zaidi au mtoe. Kisha zipeleke kwa mzee mmoja umwombe akuonyeshe ulipokosea juu ya viumbe. Atakuonyesha pengi.

Jambo la mwisho ni la ofisini. Ikiwa wewe unaandika na mwenzako anachora, andikeni makubaliano mapema: nani mwenye wahusika, mapato yanagawanywaje, na mmoja akijitoa itakuwaje. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki huanza kazi inapowekwa kwenye karatasi au faili, na hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Si lazima kuisajili, ila cheti cha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, husaidia sana mtu akikunakili, na maombi hufanywa kwa intaneti. Chemosit, Ilat na Asis ni mali ya wote, hakuna atakayekupa cheti chao. Cherop wako, karani wako na fundi wako ni wako: wasajili kabla hujamwonyesha mchapishaji.